Safari ya miguu ya siku kadhaa Ugogo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kati ya Mpwapwa na Kilimatinde kuna Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, ambayo misafara ya zamani ya kwenda Ujiji iliihofia sana. Ni nchi ya mibuyu, migunga na makorongo ya mchanga, yenye mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Anayetaka kuikata kwa miguu leo, siku nne tano na hema mgongoni, hakosi washauri. Shida ni kwamba mengi anayoambiwa yametoka kwa wapandaji wa Kilimanjaro au kwenye sinema, na hapa hayafai. Mengine yanaweza kuua. Maji nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayoamua kama utafika.

"Beba lita mbili, mengine utayakuta njiani"

Hakuna ushauri unaonitia hofu kama huu. Mtu anayetembea saa sita kwenye joto la Oktoba, nyuzi 31 au 32 kivulini, akiwa na mzigo, anahitaji lita tano au sita kwa siku ukijumlisha na ya kupikia. Lita mbili zitakuwa zimekwisha kabla jua halijafika utosini. Na hayo ya njiani? Mito mingi ya Ugogo haina maji ya juu mvua ikishakatika. Lambo linaloonekana vizuri kwenye ramani laweza kuwa tope lililokanyagwa na ng'ombe, na pampu ya kijiji yaweza kuwa imekufa tangu mwaka jana. Kwa hiyo maandalizi ya kwanza ni kupiga simu. Tafuta namba ya mtendaji wa kila kijiji utakachopita, halafu usimuulize kama kisima kipo. Muulize kama wiki hii kinatoa maji, na kama maji yake yana chumvi.

Watu wa misafara walilijua hili. Baada ya kituo cha Chunyo, karibu na Mpwapwa, walikutana na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ambayo mpelelezi Henry Stanley, alipopita mwaka 1871, aliikadiria kuwa zaidi ya maili 30. Waliokuwa wakiivuka hawakutegemea ubavu, walitegemea saa. Walikunywa wakashiba, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likianza kuinama. Walitembea hadi usiku, wakalala pakavu, kisha wakaamka kabla ya alfajiri ili wayafikie maji kabla joto halijapanda. Mbinu hiyo bado ni bora kuliko kifaa chochote cha dukani, maana inakuvusha sehemu kavu bila kukulaza mchana mzima juani. Walipofika kwenye vijiji walilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Kigogo, kwa sababu bila visima vya wenyeji msafara usingeiona Tabora.

Lita moja ni kilo moja. Sehemu ya siku mbili bila chanzo cha maji inakupa kilo kumi na mbili za maji peke yake, kabla hujaweka hema wala unga. Hesabu hiyo ifanyike nyumbani, mezani, na ikikataa, badilisha njia.

"Maji yakichemka yote ni salama"

Kuchemsha kunaua vijidudu, na inatosha yatokote kwa dakika moja. Ila chumvi haitoki kwa kuchemsha. Maji yanavyopungua sufuriani ndivyo chumvi inavyozidi. Floridi, iliyojaa kwenye visima vingi vya Singida, nayo haiondoki, ingawa kwa mpita njia wa siku chache si tishio. Maji ya chumvi kali usiyategemee kwa kunywa hata kama yanang'aa. Vidonge vya klorini ni vyepesi na vinafaa, mradi maji yasiwe na tope: chuja kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, weka kidonge, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Kuna wanaoyadharau maji ya mchangani. Ukipita kwenye korongo asubuhi utaona kina mama wameinama kwenye shimo lenye kina cha mkono, pembeni wamelizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Wanachota yale ya kwanza, yenye rangi ya chai, wanayamwaga. Wanasubiri. Maji yanarudi polepole kutoka ubavuni mwa shimo, na safari hii yanaonyesha kokoto za chini. Ndipo wanateka, kata moja moja, mpaka ndoo ijae. Mchanga umeshayachuja tope, kazi uliyobakiwa nayo ni kuua vijidudu. Omba ruhusa, subiri zamu yako, na usioge wala kufua hapo. Shimo hilo ni la familia nzima.

"Kunywa maji mengi tu, huwezi kukosea"

Unaweza. Jasho linatoka na chumvi. Anayekunywa maji matupu kwa wingi kutwa nzima bila kula huishusha chumvi ya damu, na dalili zake (kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa) zinafanana sana na za mtu aliyekaukiwa maji. Wenzake wanamzidishia maji na hali inakuwa mbaya zaidi. Kunywa kwa kiu, kula karanga zenye chumvi, na uwe na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mkojo wa rangi ya majani makavu hafifu ni dalili njema. Ukiwa mweusi kama chai, pumzika kivulini.

Hapo hapo niseme juu ya mbuyu na mnyaa. Shina la mbuyu limejaa maji kweli, lakini yamo ndani ya nyuzinyuzi za mti. Ukilikata hupati bomba, unapata ubao uliolowa. Maji ya mvua yaliyotuama kwenye pango la mbuyu ni kitu kingine, na hayo nayo yanahitaji dawa. Mnyaa, ule wa kwenye fensi za Dodoma na Singida, utomvu wake mweupe usiuguse kabisa. Ukiingia jichoni unachoma na unaweza kukupofusha kwa muda.

"Buti zito jipya ndilo kinga ya miguu"

Buti jipya ndilo linalokata safari siku ya pili. Kiatu chochote, buti au raba, kitembelee wiki kadhaa kabla, na mzigo ukiwa mgongoni. Kakinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kidole gumba cha mkono kipite mbele ya vidole vya miguu. Kikibana, kucha zitang'oka kwenye miteremko ya milima ya Rubeho. Soksi za pamba hunywa jasho zikalikalia, kwa hiyo za sufu au za nailoni nzito zinafaa zaidi. Na ukihisi sehemu imeanza kupata moto, simama hapo hapo, vua, kausha, bandika plasta. Usingoje lengelenge.

Cha kuogopa hapa kwetu ni soli laini. Mwiba wa mgunga una urefu wa kidole na ni mgumu kama msumari, hupenya raba ya sponji bila kupunguza mwendo. Kila jioni geuza kiatu, pitisha kidole taratibu ndani ya soli, na ng'oa ncha zilizoanza kuchungulia. Wafugaji wanavaa katambuga za matairi kwa sababu nzuri, nazo ni viatu vizuri vya kubadilisha kambini.

Mzigo wote, maji yakiwemo, ujitahidi usizidi sana sehemu moja ya tano ya uzito wako. Wapagazi wa zamani walibeba frasila mbili, kilo zaidi ya 30, lakini ilikuwa kazi yao ya miaka. Mkanda wa kiunoni ndio ubebe uzito, mabega yaongoze tu. Chakula nacho kichaguliwe kwa kuangalia maji na kuni. Maharage makavu yanakula saa nzima za moto, wakati unga wa uji, dagaa, mlenda mkavu, karanga na zabibu kavu za Dodoma haviombi mengi.

"Dodoma ni joto, sweta la nini?"

Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na upepo unavuma. Juu Rubeho, penye vilele vinavyopita mita 2,000, ni baridi zaidi. Beba sweta, kofia, na mkeka au godoro la kambi, kwa sababu ardhi inanyonya joto la mwili kuliko hewa.

"Mchanga wa korongo ni kitanda"

Ni laini, umesawazika, umekingwa na upepo. Pia ni njia ya maji. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mvua inaweza kunyesha milimani wewe ukiwa chini ya nyota, na wimbi likakufikia usiku bila tone moja kudondoka hemani mwako. Reli ya kati, kati ya Kilosa na Gulwe, imesombwa mara nyingi na mafuriko ya bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, na hiyo ni reli iliyojengwa kwa mawe na chuma. Lala juu ya kingo, kila msimu.

"Jiwe jeusi linavuta sumu ya nyoka"

Halivuti. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba ya kukaza navyo havisaidii, na kwa kifutu, ambaye sumu yake inaozesha nyama, kamba inaweza kukugharimu mguu. Mtulize mgonjwa, vua pete na viatu kabla hajavimba, funga mguu kwenye kijiti usitikisike, mbebe. Asitembee. Dawa ya sumu hiyo ni sindano ya hospitali, na si kila zahanati inayo. Kwa hiyo kabla ya safari ujue hospitali ipi inayo, na bodaboda wa kijiji gani anaweza kufika. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi mfululizo. Usiku usitoke hemani bila tochi na viatu. Na kama njia yako inaelekea misitu ya miyombo ya Manyoni na Rungwa, acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

"Pori halina mwenyewe, na simu ina ramani"

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), hifadhi za taifa ni TANAPA (shirika la hifadhi hizo), misitu ya serikali ni TFS (wakala wa misitu), na kila mmoja ana kibali chake. Ukifika kijijini nenda ofisini kabla ya kutafuta pa kulala, na wazee wasalimie kwa Kigogo, "Mbukwenyi". Utaelekezwa kisima ambacho hakipo kwenye ramani yoyote.

Simu ni nzuri ikiwa ramani imepakuliwa mapema na mtandao umezimwa ili betri idumu. Ongeza ramani ya karatasi ya 1:50,000 na dira. Jua la saa sita mchana si dira ya kuaminika: Julai liko kaskazini mwako, Desemba liko kusini.

Andika kwenye karatasi kijiji cha kila usiku na namba ya mtendaji wake, umwachie mtu mmoja anayekujali. Mkubaliane saa ambayo, akiwa hajakusikia, ataanza kupiga namba hizo moja baada ya nyingine, kisha 114 ya Zimamoto na Uokoaji.