Mzigo wa Kutwishwa na Mzigo wa Kujitwika

Kijana wa kwanza kunijia akitaka kushindana katika mashindano ya watu wenye nguvu alikuwa kuli katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mahali ambapo maboti ya mbao hupakia shehena za kwenda Burundi na Kongo. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akipanda ubao mwembamba unaotikisika, gunia la lumbesa likiwa limemlalia shingoni, huku akipiga soga na mwenzake aliyetangulia. Siku ya kwanza ya mazoezi nililaza chini mfuko wa mchanga wa kilo 100, uzito ambao kwake ulikuwa wa kila siku, nikamwambia auokote peke yake na kuufikisha begani. Alijaribu mara nne. Mara ya nne ulifika mapajani, ukamteleza, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli na kusema, "Kocha, mwite basi mtu anitwishe."

Nimewafundisha wengine tangu hapo, na bado sijapata maelezo mafupi zaidi ya tofauti iliyopo kati ya kazi ya mwaloni na mashindano ya watu wenye nguvu. Kuli hutwishwa: wawili hushika ncha za gunia, hulipandisha, naye huingia chini yake akiwa tayari amesimama, kwa hiyo uzito hushuka moja kwa moja kupitia uti wa mgongo na nyonga hadi kwenye nyayo. Mshindani hujitwika. Huanza akiwa ameinama, mzigo ukiwa mbele yake, na kadiri mzigo unavyokuwa mbali na kiwiliwili ndivyo mgongo wa chini unavyolipa zaidi. Wapagazi wa misafara ya zamani, waliotembea kilometa 1,200 hivi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji wakiwa na frasila mbili kila mmoja, yaani takriban kilo 32, walikuwa na uvumilivu ambao sisi hatuna, lakini hata wao wangehitaji kufundishwa jinsi ya kuliokota jiwe la kilo 120.

Mchezo huu watu huuchanganya na kutunisha misuli, ambako majaji hutazama umbo, au na kunyanyua vyuma kwa mtindo wa Olimpiki, ambako chuma ni kilekile na mitindo ni miwili tu. Sura yake ya sasa ilianza kujulikana mwaka 1977, yalipofanyika kwa mara ya kwanza California mashindano ya kumtafuta mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani. Tangu wakati huo vifaa vimekuwa vya aina nyingi: gogo la kusukuma juu ya kichwa, mizigo miwili ya kutembea nayo mikononi, fremu nzito ya mabegani ambayo mtu aliyewahi kubeba mzega ataielewa mara moja, tairi la kupindua, lori la kuvuta kwa kamba na mawe ya duara ya kupandisha juu ya jukwaa. Mshindani wa ridhaa hukutana na mazoezi matano au sita ya aina hiyo kwa siku moja, na mara nyingi hupewa sekunde 60 kwa kila moja. Wanawake wana madaraja yao, na wanaume hugawanywa kwa uzito wa mwili pale washiriki wanapokuwa wa kutosha.

Hesabu ya pointi ndiyo ambayo wanafunzi wangu hawapendi kuisikiliza. Wakishindana watu wanane, wa kwanza katika zoezi hupata pointi 8, wa pili 7, na kuendelea hivyo hadi wa mwisho apate 1, ila aliyeshindwa kabisa kukamilisha hata mara moja hupata sifuri. Tuseme mazoezi ni matano. Mshindani wa kwanza anashinda matatu, anaambulia pointi 2 katika la nne na sifuri katika la tano: jumla yake ni 26. Wa pili hajashinda lolote, lakini amekuwa wa tatu mara zote tano, naye ana 30. Watazamaji watarudi nyumbani wakimsimulia yule wa kwanza, ilhali kikombe kiko mikononi mwa wa pili.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa yule wa kwanza. Katika shindano langu la awali nilishinda kuvuta lori na kutembea na mizigo, kisha nikapata sifuri kwenye gogo kwa sababu kwa miezi yote ya maandalizi nilikuwa nimefanya yale tu niliyoyapenda. Nilimaliza wa tano. Kwa hiyo mtu akinijia leo, sianzi na kumuuliza anaweza nini. Namwonyesha gogo, kwa kuwa makuli wetu, ambao migongo na miguu yao ni ya kutisha, karibu wote hawajawahi kusukuma kitu kizito juu ya kichwa maishani mwao. Gogo la mashindano ni bomba nene la chuma lenye vishikio ndani yake, ambamo viganja hutazamana. Halinyakuliwi kwa mkupuo kama chuma cha Olimpiki. Hupandishwa kwanza hadi mapajani, mshindani akachuchumaa kidogo na kulikumbatia, kisha nyonga zikasukuma mbele huku gogo likiviringishwa juu ya tumbo hadi kifuani, na hapo ndipo magoti yanapokunjwa kidogo ili miguu iusaidie mkono. Kwa wanaodhani Waafrika tumeachwa nyuma katika jambo hili, Iron Biby wa Burkina Faso alisukuma gogo la kilo 229 huko Glasgow mwaka 2021, na hiyo ilikuwa rekodi ya dunia. Wanawake wawili ninaowafundisha walilielewa gogo haraka kuliko wanaume. Nadhani miaka ya kubeba ndoo kichwani juu ya ngata imewafundisha kukaa wima chini ya uzito bila kupinda kiuno.

Vifaa si lazima viwe vya kununua. Dumu la lita 20 likijazwa maji lina kilo 20, likijazwa mawese lina kama kilo 18, na likijazwa mchanga mkavu hukaribia kilo 32. Kwa mazoezi ya kutembea na mizigo tunafunga madumu ya mchanga kwenye fremu mbili za chuma zilizochomelewa mtaani, na napendelea mchanga kwa sababu maji yanayochezacheza ndani ya dumu humyumbisha mbebaji kwa namna ambayo hataikuta siku ya shindano. Zoezi hili hushindwa kwenye vidole kabla ya miguu, kwa hiyo mara mbili kwa wiki wanasimama tu na mizigo mikononi bila kutembea, hadi vidole vifunguke vyenyewe. Hatua ziwe fupi na za haraka. Asiyefika mwisho hupimwa umbali aliofika, kwa hiyo anayehisi mzigo unamtoka aibe hatua moja zaidi, maana katika zoezi hili sentimeta 50 huweza kuwa pointi nzima.

Mawe tunayatengeneza wenyewe kwa zege, ndani ya kalibu mbili za nusu duara zilizofinyangwa kwa plasta juu ya mpira mkubwa. Hapa kuna hesabu iliyonishangaza mwanzoni: jiwe la zege lenye kipenyo cha sentimeta 40 lina takriban kilo 80, la sentimeta 45 lina kilo 115 hivi, na la sentimeta 50 linakaribia kilo 157. Kwa jicho yanafanana kama ndugu. Jiwe ndilo mwalimu bora wa kujitwika, kwa sababu halina kishikio wala ncha ya mtu mwingine kukusaidia. Mshindani husimama nalo katikati ya nyayo, mikono hushuka pembeni ikiwa imenyooka, vidole huingia chini yake, pumzi hujazwa tumboni na kufungwa, halafu jiwe huburutwa kuja mapajani. Akishalipakata hupumua tena, hulikumbatia juu zaidi, ndipo husimama kwa nguvu ya nyonga.

Nimesema mikono inyooke, na nalirudia hilo hadi nawachosha, kwa kuwa kano ya msuli wa mbele wa mkono wangu wa kushoto ilikatika nilipojaribu kuliinua tairi kwa kukunja kiwiko. Ilitoa sauti kama kamba inayokatika, msuli ukapanda juu na kujikunja. Hilo ndilo jeraha maarufu la mchezo huu, na karibu kila mara chanzo chake ni mkono kujaribu kufanya kazi ya miguu. Tairi halinyanyuliwi, husukumwa: kifua hukaa juu yake, mikono huwa kulabu tu, na mwili wote huenda mbele kwa pembe kama mtu anayesukuma gari lililokwama kwenye tope.

Ratiba ya kuli ina tatizo ambalo vitabu vya mazoezi havilizungumzii. Kocha wa mtu wa ofisini humwongezea mzigo. Mimi kazi yangu kubwa ni kuupunguza. Mtu aliyeshinda kutwa akipanda ubao na magunia hawezi kufanya mazoezi mazito siku nne, kwa hiyo tunakutana jioni mbili kwa vipindi vifupi, na Jumapili asubuhi kabla ya jua kuwa kali tunashika vifaa vya mashindano. Wiki mbili za mwisho mwili unapaswa kupumzishwa, lakini siwezi kumwambia mtu asiende kutafuta riziki. Huwa namwendea nyapara wake na kumwomba kwa heshima zote ampe kazi ya kuhesabu magunia au ya kuwatwisha wenzake. Wengine hukubali. Chakula hakinisumbui sana, maana maharage na dagaa tunavyo, na dagaa wakavu wana protini inayozidi nusu ya uzito wao.

Siku ya shindano nendeni na mzani wenu. Katika shindano moja mifuko ya mchanga ililazwa nje usiku, mvua ikanyesha, na asubuhi mfuko ulioandikwa kilo 100 ulikuwa mzito kwa namna ambayo kila mgongo uliihisi, lakini hakuna aliyekuwa na cha kuthibitishia. Msikilizeni pia mwamuzi: gogo likiwa juu na viwiko vimenyooka, halishushwi hadi atoe ishara, na nimeona wenye nguvu za kutosha wakinyimwa alama kwa kushusha nusu sekunde mapema.

Yule kijana wa Kibirizi alishindana baada ya miezi saba. Hakushinda zoezi hata moja, hakupata sifuri hata moja, na alimaliza wa tatu kati ya wanane. Jumatatu iliyofuata nyapara alinipigia simu akiwa na hasira, kwa sababu kijana alikuwa akikataa kutwishwa. Kila gunia alitaka aliokote mwenyewe kutoka chini, na foleni nzima ya ubaoni ilikuwa imesimama ikimsubiri. Nilimwambia nyapara ampe simu, nikamwagiza kijana atwishwe kama watu wengine hadi jioni.