Je, wajua kwa nini muuguzi huuliza chupa yako ya insulini inalala wapi?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alikaa taratibu, akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa kichupa cha insulini na kukiweka mezani. Nilipokishika kilikuwa na joto la mwili wake. Sukari aliyopimwa dakika chache nyuma ilisoma milimoli 19 kwa lita, na daftari lake la kliniki lilionyesha miezi iliyotangulia hali haikuwa tofauti: 17, 18, kisha 19. Mtu wa kisukari aliyedhibitiwa vizuri, asubuhi kabla ya kula, tunataka awe chini sana ya hapo, kwenye 7 au pungufu. Na bibi hakuwa mzembe. Anachoma asubuhi na jioni, hajakosa hata siku moja. Mjukuu anayemchoma alikuwa naye, nikamwomba anionyeshe anavyovuta dawa kwenye bomba. Alivuta yuniti 16 kamili, akagonga bomba kwa kidole kuondoa mapovu, kazi safi kabisa.

Hapo wengi hufikiri kitakachofuata ni daktari kuongeza dozi. Lakini kabla ya dozi kuguswa lipo swali ambalo muuguzi wa kliniki ya kisukari lazima aulize, na wagonjwa huliona la ajabu: nyumbani, chupa hii inalala wapi?

"Juu ya kabati, kwenye kikapu, watoto wasiifikie," akajibu bibi.

Nyumba yake ni ya bati, haina dari. Ilikuwa Dodoma, mwezi wa Oktoba.

Insulini ni protini. Kongosho la mtu mwenye afya huitengeneza kwa kuunganisha asidi amino 51 katika minyororo miwili, mmoja wenye 21 na mwingine wenye 30, na minyororo hiyo hujikunja kwa umbo maalumu kama ufunguo. Umbo hilo ndilo linalofungua mlango wa chembe za mwili ili sukari itoke kwenye damu na kuingia ndani. Umbo likiharibika, ufunguo hauingii tena. Ndiyo sababu insulini huchomwa, haimezwi: tumbo haliwezi kuitofautisha na maharage au samaki, litaimeng'enya kama protini nyingine yoyote kabla haijafika kwenye damu. Tangu Januari 1922, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alipochomwa insulini katika hospitali ya Toronto, Kanada, sindano imebaki njia kuu ya kuipata.

Na umbo hilo hilo ndilo linaloteswa na joto. Fikiria ute wa yai. Ukishagusa kikaango unaganda na kuwa mweupe, na hata ukiuweka kwenye barafu mwezi mzima haurudi kuwa maji. Insulini haiivi kwa haraka hivyo, lakini ikishinda siku baada ya siku chini ya bati, mahali ambapo saa nane mchana joto linaweza kupita nyuzi 40, nguvu yake hupungua kidogo kidogo. Ubaya ni kwamba mara nyingi huoni chochote. Kuna dalili unazoweza kuzitafuta: ile insulini ya maji safi ikionekana na ukungu, itupe; ile ya rangi ya maziwa ikifanya mabonge, au ikiacha chembe nyeupe zilizong'ang'ania kwenye kioo hata baada ya kuiviringisha, itupe pia. Ya bibi ilionekana nzuri tu. Dawa inaweza kupoteza nguvu huku sura yake ikiwa ile ile.

Sasa ona hatari ilipo. Tuseme hakuna aliyeuliza, na dozi ya asubuhi ikapandishwa kutoka 16 hadi 24. Bibi anarudi nyumbani, chupa ya zamani inaisha, anafungua mpya yenye nguvu zake zote. Anachoma yuniti 24 za dawa nzima kwenye mwili ambao pengine ulihitaji 16 tu. Sukari inashuka ghafla: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika, kisha anazimia. Nyumbani watasema bibi amepatwa na jambo. Kumbe ni hesabu iliyofanywa juu ya dawa iliyokufa. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hiyo 19 yenyewe.

(Na ikitokea, kwa yeyote anayechoma insulini, mkumbuke: sukari chini ya 4, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni; mlaze ubavu na mkimbize hospitali.)

Chupa ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia hawana friji, na walio nayo wakati mwingine wanaiua dawa kwa upande wa pili. Nyumba nyingi za mjini friji ni biashara: inagandisha barafu na juisi za watoto, kwa hiyo imewekwa kwenye baridi ya mwisho. Insulini iliyosogezwa karibu na kigandishio inaganda, na ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Usiichome. Kwenye safari ya basi ni vivyo hivyo: usiilaze moja kwa moja juu ya barafu, wala usiitie kwenye begi linalokwenda buti. Ifunge kwa kitambaa kibichi, ubaki nayo mkononi.

Asiye na friji ana mtungi.

Mtungi wa udongo uliochomwa bila kupakwa rangi una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji ya ndani hupenya humo, yanafika nje, yanakuwa mvuke na kuondoka na joto. Gramu 1 tu ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto la kutosha kupoza zaidi ya gramu 500 za maji kwa nyuzi 1. Ndiyo maana maji ya mtungini yana ule ubaridi ambao bibi zetu waliutumia karne nyingi. Kinachoamua ni ukavu wa hewa. Dodoma, Singida au Garissa, hewa ni kavu na mtungi unapoza vizuri sana. Nilipofanya kazi Tanga, mtungi ulisaidia, lakini si kama huku, kwa sababu hewa ya pwani tayari imejaa unyevu na mvuke hauna haraka ya kuondoka. Huko pwani mtungi unataka upepo: uweke kivulini, mlangoni, hewa inapopita.

Je, ubaridi wa mtungi unatosha, ilhali haufiki nyuzi 8? Jibu lilitoka karibu na kwetu. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, wagonjwa walikuwa wakilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa kwa sababu nyumbani hawana pa kuihifadhi dawa. Shirika la misaada ya tiba la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipima joto la nyumbani, wakaona linacheza kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva waliiweka insulini kwenye maabara katika joto hilo hilo la kupanda na kushuka kwa wiki 4. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1, sawa na ile iliyokaa kwenye baridi. Maana yake mtungi hauhitaji kuwa friji. Kazi yake ni kuizuia dawa isivuke joto hilo. Lakini tafadhali, usichukue hili kama ruhusa ya kuiacha popote. Chini ya bati si nyuzi 37, na wiki 4 si miezi 3.

Hizo wiki 4 zina mtego wake. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Bibi anachoma 16 asubuhi na 8 jioni, jumla 24 kwa siku, kwa hiyo chupa inamfikisha siku 41. Chupa nyingi zikishafunguliwa zimekusudiwa kutumika takriban siku 28. Anayetumia dozi ndogo ndiye anayebaki na dawa iliyochakaa, na anaihifadhi kwa uchungu kwa sababu imemgharimu fedha. Tunaandika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye lebo, na anayetumia kidogo tunajitahidi kumpatia insulini ya sindano yenye umbo la kalamu, ambayo ina yuniti 300 tu.

Swali la pili nililomuuliza bibi ni mahali anapochomwa. Alinyanyua blauzi, nikapapasa tumbo. Kushoto kwa kitovu palikuwa na kinundu laini, ukubwa wa ndimu. Mjukuu alikuwa akichagua hapo hapo kila siku kwa huruma, maana hapo bibi hasikii maumivu. Mafuta ya chini ya ngozi hukua pakichomwa mara kwa mara, na insulini inayoingia humo hufyonzwa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Tukachora saa kwenye karatasi kuzunguka kitovu: sindano ya leo iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole, upande mmoja wiki hii, wa pili wiki ijayo, na kile kinundu kipumzishwe miezi kadhaa. Nikamwonyesha pia kuviringisha chupa ya rangi ya maziwa kati ya viganja mara 10 na kuipindua mara 10 bila kuitikisa.

Daktari hakupandisha dozi. Bibi alipewa chupa mpya, akapangiwa kupimwa sukari kila siku kwa wiki ya kwanza kwenye zahanati ya kijijini kwake, maana ilikuwa lazima kuangalia isishuke.

Mwezi uliofuata alirudi na mjukuu wake. Sukari 8, dozi ile ile. Mjukuu akanieleza walivyofanya: mtungi mdogo wa bibi, si ule wa maji ya kunywa, umewekwa nyuma ya mlango juu ya mchanga mbichi, maji nusu, na chupa imo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza ili maji yasiguse lebo. Kila Jumamosi anausugua kwa nje, chumvi isizibe vitundu. Nikamuuliza bibi ile ya safari hii ameibebaje. Akacheka, akatoa kwenye kikapu kitambaa kilicholowa, kimekunjwa mara nne.

"Ya khanga nimeacha," akasema.