Penalti ya Pasi, Mchezo wa Rik Coppens

Penalti tuliyoizoea ni ya watu wawili, mpigaji na kipa. Penalti ya pasi humwingiza wa tatu. Mpigaji hapigi golini. Anausogeza mpira mbele kidogo, mwenzake anachomoka kutoka nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, kisha ama anafunga mwenyewe au anamrudishia.

Wengi hudhani aliyeibuni ni Johan Cruyff, aliyeicheza na Jesper Olsen wakiwa Ajax mwaka 1982. Lakini miaka 25 kabla yake, tarehe 5 Juni 1957, Ubelgiji ilikuwa Brussels ikicheza na Iceland kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Ikapata penalti, akaenda Rik Coppens. Kipa akajiandaa kwa shuti. Coppens akamgongea André Piters, Piters akamrudishia, kipa keshapotea maboya, mpira wavuni. Mechi iliisha 8-3.

Kwa Coppens vituko vya namna hiyo havikuwa vigeni. Huyu mzaliwa wa Antwerp, wa mwaka 1930, aliingia kikosi cha kwanza cha Beerschot akiwa na miaka 16 tu, na chenga zake zilikuwa nusu soka, nusu maonyesho. Asidhaniwe kuwa alikuwa wa mbwembwe tupu: msimu wa 1952-53 alifunga mabao 35 ya ligi, na mwaka 1954 akawa mchezaji wa kwanza kabisa kupewa Kiatu cha Dhahabu cha Ubelgiji, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya huko. Mwaka huohuo, kwenye Kombe la Dunia, alifunga moja ya mabao katika sare ya 4-4 na Uingereza. Timu ya taifa aliichezea mechi 47, akafunga 21.

Je, ni halali? Halali kabisa, ila masharti yake yanabana. Mpira lazima uende mbele. Mwenzake asiingie ndani ya kumi na nane kabla haujapigwa. Mpigaji haruhusiwi kuugusa tena mpaka mtu mwingine auguse. Halafu kuna kuotea, ambako watu wengi husahau: mwenzake anapomrudishia pasi, mpigaji akiwa nyuma ya mpira hana kosa, akiwa ametangulia, bendera inaweza kumnasa. Na kwenye mikwaju ya kuamua mshindi baada ya sare haiwezekani, maana kila mmoja hupiga peke yake.

Sharti la kugusa mara moja ndilo lililomuumbua Robert Pirès wa Arsenal dhidi ya Manchester City, Oktoba 2005. Alitaka kumgongea Thierry Henry, mguu ukaparaza tu juu ya mpira. Henry alikuwa keshachomoka mbio, lakini pasi hakuiona, na refa, akihesabu kuwa Pirès ameugusa mpira mara mbili, akawapa City faulo.