"Hatulipwi, mtatushtaki vipi?"

Ndivyo wanavyojitetea wajumbe wengi wa bodi za vyama vya wamiliki wa nyumba, na majirani huwaamini. Mahakama ya Juu ya California ilionyesha mwaka 1986 kwamba wanaweza kushtakiwa. Katika makazi ya Village Green, Los Angeles, mama mmoja aliyekwisha kuibiwa aliweka taa za nje. Bodi ikamwamuru asizitumie. Saketi ya umeme ilikuwa moja kwa taa zote, kwa hiyo hata taa ya awali ikazimika. Usiku uleule akavamiwa. Kesi dhidi ya wajumbe binafsi ikaruhusiwa kuendelea: mahakama ilisema wakati huo kwamba mjumbe aliyeshiriki mwenyewe katika uzembe uliomdhuru mtu hawezi kujificha nyuma ya chama. Asiyehusika habebeshwi mzigo kwa sababu ya cheo tu, na hiyo ni haki.