Ana Fimbo Nyeupe na Anasoma Simu: Hajakudanganya

Na mkufunzi wa mwendo na mwelekeo katika shirika la kuwahudumia watu wenye ulemavu wa macho, Nairobi

Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe duniani, na siku hiyo ikikaribia simu za ofisi yetu huwa za watu wanaotafuta fimbo, au za walimu wanaoomba mtu wa kwenda kuzungumza na wanafunzi. Mwaka huu zimezidi za malalamiko, nayo yanatoka pande mbili zinazogongana. Tunaowahudumia wanasema wanatukanwa barabarani kwamba wanajifanya vipofu. Wananchi wengine nao wanatupigia kuwashtaki watu hao hao: nimemwona mtu wenu pale barabara ya Ronald Ngala, ana fimbo nyeupe, lakini alikuwa anasoma simu, mchunguzeni.

Tunashukuru kwa moyo huo wa kulinda mali ya wafadhili. Uchunguzi wenyewe, hata hivyo, tulishaufanya kabla fimbo haijatoka kwenye kabati letu, na ulifanywa na watu wenye vifaa vya kupimia macho.

Kisa kimoja kitatosha. Mama mmoja tuliyemfundisha kutumia fimbo alikuwa kwenye steji katikati ya jiji, saa moja jioni, akingoja gari la kumpeleka nyumbani. Alikuwa ameileta simu karibu na pua, akisoma ujumbe wa mwanawe. Kondakta akawaambia abiria, "Huyu anaona kuliko mimi." Watu wakacheka. Fimbo ikachukuliwa, ikapitishwa mkono kwa mkono, ikarudi imepinda. Mama yule alitoka pale akipapasa kuta na milango ya maduka, maana giza lilikuwa limeingia, na giza likiingia yeye haoni kitu. Kesho yake alituletea fimbo na kuuliza kama tunaweza kumpa ya rangi nyingine, isiyovutia macho ya watu.

Mama huyo ana ugonjwa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huanza kula uwezo wa kuona usiku, kisha huendelea kula polepole kingo za uwanja wa kuona, yaani eneo ambalo jicho huliona bila kugeuka, hadi kinachobaki ni tundu katikati. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, nayo ikikomaa hufikia hali kama hiyo. Likunje gazeti liwe bomba jembamba, liweke kwenye jicho moja na ulifunge jingine. Kupitia bomba hilo utasoma simu vizuri kabisa. Sasa jifikirie ukiwa na bomba hilo unavuka barabara ya Tom Mboya saa kumi na moja jioni, mkokoteni unatoka kushoto, bodaboda imepanda kando ya barabara kutoka kulia, na chini kuna mama aliyetandaza nyanya. (Usijaribu kweli. Mwanafunzi mmoja wa chuo alijaribu akaangukia nyanya, na tukalazimika kuzilipia.)

Kuna wenzao ambao mambo ni kinyume. Kwao kilichoharibika ni sehemu ya katikati ya retina, ile tunayoitumia kusoma na kutambua sura, na ugonjwa huu huwapata zaidi wazee. Mzee wa namna hii ataokota sarafu ya shilingi tano sakafuni mbele yako, halafu umsalimie asikutambue mpaka asikie sauti. Familia humwona ana kiburi au anachagua wa kusalimia. Watu wenye ualbino ni kundi jingine: wengi wao wana uoni hafifu tangu kuzaliwa, macho huchezacheza, na jua la saa saba mchana huwanyang'anya hata kile kidogo walicho nacho. Mtu huyo anaweza kutembea bila fimbo ndani ya jengo na kuikunjua akifika mlangoni. Askari wa mlangoni akiona hivyo hudhani ameshika mwizi.

Kwa vipimo vya kimataifa, mwenye 6/60 huona akiwa mita 6 kile ambacho macho mazima hukiona kutoka mita 60. Kipofu kitabibu ni yule ambaye jicho lake lililo afadhali, hata likipewa miwani bora, halifiki 3/60, au uwanja wake wa kuona umebana kupita kiwango kilichowekwa hata kama anasoma vizuri ubao wa herufi wa daktari. Someni tena hapo mwisho. Mtu anaweza kusoma ubao wa daktari na bado akawa kipofu kwa maana ya kitabibu. Wanaoishi katika giza totoro, wasioona hata mwanga, ni wachache miongoni mwa watu wenye ulemavu wa macho.

Kwa hiyo anayebeba fimbo nyeupe anakuarifu jambo moja tu, kwamba macho yake hayatoshi kwa njia anayopita. Rangi hiyo ilianza kama tangazo kwa wenye magari: mwaka wa 1921 mpiga picha wa Bristol, Uingereza, James Biggs, aliyepoteza macho kwa ajali, aliipaka bakora yake rangi nyeupe kwa sababu magari yalikuwa yanapita karibu na nyumba yake bila kumwona. Ufundi tunaoufundisha leo ulikuja baadaye, kwenye miaka ya 1940, kutokana na kazi ya Richard Hoover na askari wa Marekani waliopofuka vitani. Fimbo hurefushwa hadi kifuani, nayo huyumbishwa kushoto na kulia kidogo kupita upana wa mabega. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iko kushoto, na mguu wa kushoto ukienda, ncha iko kulia. Hivyo ncha hukagua mahali ambapo mguu utakanyaga hatua inayofuata. Kujifunza hili vizuri huchukua wiki kadhaa, na wenye uoni hafifu mara nyingi tunawafunga kitambaa machoni wakati wa mafunzo ili waiamini ncha na kuacha kubahatisha kwa macho. Ukituona mtaani Ngara tumemfunga mtu kitambaa, hatumtesi.

Fimbo hugundua shimo lililoibwa mfuniko, ukingo wa barabara, ngazi za daraja la Thika Road na meza ya mchuuzi. Haigundui kinachoning'inia juu, kama kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, bango la chuma au bati la kibanda lililochomoza usawa wa paji la uso. Makovu ya watu tunaowahudumia yako usoni, si miguuni. Wenye vibanda wangetusaidia sana kwa kukunja tu ile ncha ya bati.

Ukitaka kumsaidia mtu, sema kwanza, kisha mpe mkono wako aushike juu ya kiwiko na atembee nusu hatua nyuma yako. Usimvute, wala usiishike fimbo yake. Na akisema "asante, nimefika," amini kwamba amefika.

Sasa tuingie kwenye taratibu, maana hapa ndipo uvumi ni mwingi.

Anayethibitisha ulemavu nchini Kenya ni jopo la wahudumu wa afya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Si shirika letu, si chifu, na hakika si kondakta. Mwombaji huenda na kitambulisho cha taifa, au cheti cha kuzaliwa ikiwa ni mtoto, pamoja na karatasi zozote za kliniki ya macho alizo nazo. Asiache miwani nyumbani kwa kudhani ataonekana mgonjwa zaidi, kwa sababu kipimo kinachohesabiwa ni cha macho yakiwa na miwani, na atarudishwa. Ripoti ya jopo ikishaidhinishwa na idara ya afya, hatua inayofuata ni kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na huko ndiko kadi hutoka. Majina kwenye ripoti yafanane herufi kwa herufi na ya kitambulisho. Wanjiku kwenye karatasi moja na Njiku kwenye nyingine ni safari mbili zaidi za hospitali, nasema haya kwa sababu nimezisindikiza. Akitokea mtu nje ya lango anayesema anaweza kuharakisha kwa ada ndogo bila risiti, muulize jina lake kamili, uone atakavyotoweka.

Msamaha wa kodi ni ombi jingine kabisa. Kadi peke yake haikuondolei kodi, hata uibandike kwenye paji la uso. Aliyeajiriwa huomba kupitia Baraza akiwa na barua ya mwajiri, hati ya mshahara, PIN ya kodi na cheti cha kutodaiwa kodi, na ombi likikubaliwa Mamlaka ya Ushuru hutoa cheti chenye tarehe ya mwisho. Kinachosamehewa ni kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi, na kinachozidi hapo hutozwa kama cha mtu mwingine yeyote. Makato ya SHIF, yaani bima ya afya ya jamii, na ya nyumba ni sheria nyingine, yanaendelea. Tumeulizwa hili mara nyingi mno, na jibu halijabadilika. Tarehe ikipita bila kuhuisha, kodi hurudi mwezi huo huo, na hakuna barua ya shirika inayoweza kuizuia.

Wapo kweli wanaodanganya? Wapo, na hatutaficha. Anayejipatia pesa kwa uongo anaweza kufungwa miaka 3 chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu. Kughushi hati ni kosa jingine, kifungu cha 349, nalo lina miaka 3. Anayemleta mtu mwenye ulemavu mjini na kumkalisha barabarani aombe, kisha jioni akusanye mkebe, anaweza kujikuta chini ya Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010, ambayo adhabu yake haipungui miaka 30 gerezani au faini ya shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ukishuku jambo kama hilo, peleka habari polisi au kwa maafisa wa watoto. Usimpige picha mwenye mkebe na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Huenda yeye ndiye aliyetendewa uhalifu, na habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Upande wa pili una adhabu zake pia. Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kufikia usafiri wa umma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilifanywa upya mwaka wa 2025. Kumnyang'anya mtu fimbo kunaweza kuwa wizi au shambulio, kutegemea mazingira, na shambulio lenye kuleta madhara ya mwili lina hadi miaka 5 chini ya kifungu cha 251. Kesi mahususi hatuzizungumzii hapa, na makala haya hayachukui nafasi ya wakili. Tunachomwambia aliyedhulumiwa ni hiki: andika au mwambie mtu akuandikie nambari ya gari, njia linayofuata na saa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kisha ulete nakala kwetu na kwa Baraza. Bila nambari ya gari hatuna pa kuanzia. "Ilikuwa matatu ya manjano" haitusaidii, kwa sababu sheria inataka karibu zote ziwe na mstari wa manjano.

Jambo moja la afya, ingawa sisi si hospitali. Presha ya macho haina uhusiano wa lazima na presha ya damu, mara nyingi haiumi, na macho yaliyokwisha kuharibiwa nayo hayarudi. Uoni uliozibwa na mtoto wa jicho hurudishwa kwa upasuaji mfupi. Hizi ni habari mbili tofauti, na bado kila mwezi tunampokea mtu aliyekaa miaka na matone ya dukani akingoja glakoma "iive" ndipo akatwe kama mtoto wa jicho. Mwenye mzazi au ndugu aliye na glakoma apimwe sasa, iwe hospitali ya Kenyatta, ya Kikuyu, ya Loresho au kliniki yoyote ya macho iliyo karibu naye.

Yule mama hatukumpa fimbo ya rangi nyingine, kwa sababu fimbo ya rangi nyingine dereva wa lori haitambui. Tulinyoosha ile ile. Fimbo nyingi za kukunjwa zinazoletwa kwetu kama zimekufa huwa zimekatika mpira wa ndani tu, au ncha imelika kwa lami, na vyote viwili hubadilishwa. Usitupe vipande. Viweke kwenye mfuko, uvilete vyote, pamoja na ile kamba ya kuvalia mkononi, maana hiyo ndiyo hatuna ya ziada.