Kaunti ikinyamaza, imekataa

Nimeyasikia tena juma hili, kutoka kwa wakazi waliokuwa wameiomba kaunti yao nakala ya mkataba wa barabara ya wadi: "Walinyamaza, nasi tukaona yameishia hapo." Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kisumu, na kauli hiyo huniudhi kuliko barua yoyote ya kukataa, kwa sababu watu huliacha dai lao pale pale sheria inapoanza kuwatetea.

Ibara ya 35 ya Katiba, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, mnaijua. Ombi halilipiwi, laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza unazitakia nini nyaraka hizo. Tuje kwenye siku 21 ambazo afisa amepewa kulijibu ombi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kifungu cha 9, inasema kwamba afisa asiyejibu katika muda uliowekwa, ambao anaweza kuuongeza mara moja tu kwa siku zisizozidi 14, atahesabiwa kuwa amekataa, nawe unaweza kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina ofisi hapa Kisumu, iupitie upya uamuzi huo.

Yote hayo husimama juu ya nakala yako ya barua, iliyogongwa muhuri wa masjala wenye tarehe inayosomeka. Wino ukiwa umefifia, mwombe karani aandike tarehe kwa kalamu na kutia saini kando yake. Usiondoke kabla hajafanya hivyo.

Maombi ya kupitiwa upya hupelekwa ndani ya siku 30 tangu mwombaji alipoarifiwa uamuzi. Aliyenyamaziwa aliarifiwa lini? Sijapata jibu linaloniridhisha, kwa hiyo huwashauri watu waanze kuhesabu siku ya 22, bila kusubiri ahadi za simu.

Wakikujibu kwamba mkataba ni siri ya kibiashara, waoneshe kifungu cha 5, kinachoitaka taasisi ya umma, mara tu inapotia saini mkataba, itangaze yenyewe kazi itakayofanywa, kiasi cha fedha, jina la mkandarasi na muda wa kukamilisha. Hata pale siri ni ya kweli, kifungu cha 6 kinaruhusu itolewe iwapo manufaa ya umma yanazidi madhara.

Linalonipa shaka zaidi ni jibu la "faili haipo". Ofisi inawajibika kutunza kumbukumbu zake, lakini hakuna amri inayoweza kutoa karatasi ambayo haikuandikwa kamwe. Hapo mimi hudai jibu hilo kwa maandishi, lenye saini na cheo, kisha huandika ombi jipya kwa idara ya ununuzi na ile ya fedha, kwa kuwa malipo ya mkandarasi hayakosi kuacha hati.