Je, wajua kwa nini mininga ya msitu mmoja haifanani?

Kaa na fundi seremala yeyote pale Tabora mjini hata nusu saa tu, atakwambia mbao za mninga hazifanani hata kama zimeshushwa kwenye lori moja. Hii nyekundu inaelekea kahawia, ile imepauka, hii inarandika vizuri, ile inamaliza makali ya randa. Wengi tunasema ni udongo tu, basi. Udongo upo kweli, na mvua nazo zina mchango, ila kuna kitu kingine ndani ya mti ambacho fundi hakioni, nacho ni vinasaba, yaani maelekezo ambayo kila mti umerithi kwa baba na mama yake. Na kwa mninga wa porini, ule ambao hakuna mtu aliyeupanda, maelekezo hayo yanatofautiana mti kwa mti.

Chukua mfano wa mihogo utaelewa haraka. Mihogo tunapanda kwa vipingili, kwa hiyo ukikata shina moja ukajaza shamba, shamba zima ni mhogo ule ule umejirudia. Ndo maana batobato au michirizi ya kahawia ikishaingia kwenye mbegu dhaifu inafagia mstari mpaka mstari, ugonjwa ukimuweza mmoja umewaweza wote. Mninga haupo hivyo. Kila mninga ulioota porini umetoka kwenye mbegu yake, na kila mbegu ni karata zilizochanganywa upya.

Sasa zinachanganywaje? Mninga, ambao kitaalamu unaitwa Pterocarpus angolensis na upo jamii moja na kunde na maharage, unatoa maua ya njano mwishoni mwa kiangazi, mvua zikiwa zinakaribia. Hapo nyuki ndo wanafanya kazi yao, na Tabora kwa nyuki hatuna ugomvi na mtu. Nyuki anaweza kutafuta chakula kilomita 2 au 3 kutoka mzingani, saa nyingine mbali zaidi, kwa hiyo chavua, yaani ule unga wa maua, ya mninga wa bonde hili inaweza kuzalisha kwenye mninga wa kilima kile ambao haujawahi kuwa jirani yake. Mzinga unaouona umetundikwa mtini siyo wa asali peke yake, unaunganisha ukoo wa miti pia.

Halafu linakuja tunda. Kama hujawahi kulishika, lishike siku moja: ni duara bapa la kahawia, unaweza kulipata na upana wa sentimita 10 hivi, pembeni lina bawa jembamba linalokakamaa likikauka, katikati pamevimba na pamejaa miiba migumu ambayo ukilibana vibaya inakuchoma. Ndani ya uvimbe huo ndo kuna mbegu, mara nyingi moja au mbili tu, na kuzitoa ni shughuli, wengi wanatumia kisu na kuishia kujikata. Majani yakishapukutika matunda yanabaki yananing'inia, upepo ukija yanarushwa. Ila usidanganyike na lile bawa, matunda mengi yanaangukia karibu na mama. Kwa hiyo chavua inasafiri mbali, mbegu inasafiri karibu, na matokeo yake ni kwamba chini ya mninga mkubwa utakuta watoto wa mama mmoja ila baba tofauti tofauti.

Na hao watoto wana maisha magumu. Mche wa mninga unachipua msimu wa mvua, kiangazi au moto ukifika sehemu ya juu inakufa, mwaka unaofuata unachipua tena kutoka kwenye mzizi, inakufa tena, hivyo hivyo miaka na miaka, huku chini mzizi unanenepa kimya kimya mpaka siku unapata nguvu ya kusukuma shina moja kwenda juu moja kwa moja. Kwa hiyo kitu unachokiona kimekufika magotini ukadhani ni cha mwaka jana kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mtoto wako wa shule. Faida yake ni kwamba kwenye eka moja ya msitu wa asili vizazi vingi vinakuwepo kwa pamoja, babu, wajukuu na vitukuu, kila mmoja na karata zake.

Watu wengi hapa wanawaza kinyume. Wanadhani tofauti kubwa ni kati ya mninga wa Tabora na mninga wa Kigoma. Kwa miti mingi ya misitu inayochavushwa kwa kuchanganyika hivi, watafiti wamekuta sehemu kubwa ya tofauti za vinasaba ipo ndani ya msitu mmoja, mti na jirani yake, na sehemu ndogo tu ndo kati ya msitu na msitu. Siyo kwamba hiyo ndogo haina maana, mti uliozoea mvua haba unaweza kushinda mahali ambapo ule wa mvua nyingi unanyong'onyea.

Faida ya hizo tofauti unaiona siku ya balaa. Ulaya kuna mti unaitwa ashi, ulivamiwa na ugonjwa wa fangasi ulioanza kuonekana Polandi mwaka 1992, ukasambaa karibu bara zima na kukausha miti isiyo na idadi. Ila asilimia chache ya miti ilisimama, na uwezo huo wa kusimama unarithiwa, ndo sasa hivi wanachukua mbegu za hiyo iliyobaki. Kinyume chake ni msonobari wa Wollemi kule Australia, uligunduliwa porini mwaka 1994, miti mikubwa haifiki 100, na walipopima vinasaba tofauti karibu hawakuziona kabisa. Ugonjwa mmoja ukiukuta, hakuna ndugu wa kuokoa ukoo.

Turudi nyumbani. Mvunaji akiingia porini anatafuta nini? Mti mnyoofu, mnene, usio na matawi ya chini. Anauacha uliopinda. Ukifanya hivyo miaka 50 kwenye pori moja, wanaobaki kutoa mbegu ni nani? Hapa niseme ukweli, siyo kila kupinda kunarithiwa, mti uliochomwa na moto ukiwa mchanga ukapinda unaweza kuzaa watoto wanyoofu kabisa. Lakini ile sehemu inayorithiwa inaondoka na lori.

Shamba la tumbaku nalo lina habari yake. Miti inakatwa kwa ajili ya shamba na kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, inabaki mininga miwili mitatu imetengana katikati ya mashamba. Ukiiangalia unasema bado ipo, na ipo kweli, inachanua, inazaa. Ila sasa chavua inazunguka kati ya miti michache hiyo hiyo, watoto wanakuwa ndugu, ndugu wakizaana kwa miti mingi unapata matunda matupu na miche dhaifu. Na kwa sababu mninga unaishi muda mrefu, mzee aliyesimama leo alizaliwa kabla ya hayo mashamba, bado amebeba utajiri wa zamani. Ndo maana ukitaka kujua msitu umefilisika au la, chukua majani ya mti mkubwa, chukua na ya miche iliyo chini, upime vyote viwili maabara. Hasara inaanza kuonekana kwa watoto.

Tangu mkutano wa mwaka 2022 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, miti yote ya jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Pterocarpus ya Afrika, mninga na mkurungu ikiwemo, imewekwa kwenye orodha ya kudhibiti biashara ya kimataifa. Hilo linasaidia mpakani, ila halikuambii mbegu uokote wapi.

Kwa hiyo kama una kitalu Uyui au Kasulu, acha kubeba kiroba kizima chini ya mninga mmoja wa barabarani eti kwa sababu uko karibu na pikipiki. Zungukia miti kama 30, achia mita 50 hadi 100 kati ya mama na mama, chukua kiasi kinacholingana kwa kila mmoja, kisha changanya.